Nani kawapa udaktari hawa "madokta wa ngozi" wa mitandaoni? Wana Tanga tujadili

MwanaChumbageni
Wakuu salama. Nina hoja, mnikosoe mkiona sipo sawa. Hapa Tanga mtu akiumwa tumbo anakwenda zahanati, akiumwa jino anakwenda kwa daktari wa meno, lakini ngozi ikimsumbua anafungua simu. Watu wetu wanamwamini zaidi aliyevaa koti jeupe TikTok kuliko nesi anayeishi mtaa wa pili.

Binti wa mama mdogo, yuko Mikanjuni, alikuwa na chunusi za ujana tu. Akampata "dokta" mmoja Instagram, akatuma picha WhatsApp, muda huohuo akajibiwa kwamba ana sumu kwenye damu. Kalipa kwa simu, mzigo ukaja na basi mpaka stendi ya Kange. Kopo lenyewe nimelishika: plastiki nyeupe, kifuniko cha rangi ya dhahabu, stika ya ua la waridi na namba ya simu. Viambato hamna, tarehe ya kuisha hamna, jina la kiwanda hamna. Ndani krimu ya njano iliyopauka, inanukia manukato makali, na chini ya manukato kuna harufu ya dawa ya hospitali.

Mwanzoni uso uling'aa kweli, chunusi zikalala, mtaa mzima unamuuliza siri. Kopo lilipoisha uso ukaanza kuwaka, vipele vidogo vidogo vikazunguka mdomo na pua, jikoni hakai kwa joto la moto. Kumwandikia dokta wake akaambiwa "huo ni uchafu unatoka, ongeza kopo la pili".

Kwa nini tunawaamini? Na mtu wa kawaida atamjuaje daktari wa kweli?

BintiMakorora
Mpe pole mdogo wako. Swali la kwanza mie nalijibu kwa neno moja: wanajibu. Saa tano usiku umejitazama kwenye kioo umekata tamaa, unamwandikia, naye anakuambia "pole mpenzi, nitumie picha". Hospitali unapanga foleni toka alfajiri, ukiingia ndani unaulizwa maneno mawili, unaandikiwa tyubu, "anayefuata!" Hujatazamwa hata usoni, na uso ndio unaoumwa.

MzeeWaPwani
Nyie watoto mmeacha vyenu. Mama zetu walisugua liwa, ule mti wa manukato, kwenye msio, jiwe la kusagia, wakachanganya na maji ya waridi, wakalala nayo. Mwali akitiwa singo ya manjano, dalia na karafuu anatoka ndani ngozi kama hariri. Hapakuwa na dokta wala kopo. Vitu vya asili havina madhara, rudini huko.

Mfamasia_Muheza
@MwanaChumbageni kwa maelezo yako, na bila kumwona mgonjwa, mimi nashuku steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Nafanya kazi duka la dawa, hizi kesi nazipokea kila mara. Steroidi ikipakwa usoni inabana mishipa midogo ya damu na kutuliza uvimbe, ndiyo maana chunusi zinalala na rangi inafunguka haraka. Hapo mteja anampigia dokta wake makofi, na hasemi uongo, kweli amependeza. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, vinyweleo vinaota, mishipa inaonekana. Ukiacha, mishipa iliyobanwa inafunguka yote kwa pamoja, uso unawaka. Vile vipele vya kuzunguka mdomo ni alama inayofahamika kabisa.

Kali kuliko zote ni klobetasoli. Kwa mtu mzima, tena kwa ugonjwa uliothibitishwa, kikomo ni gramu 50 kwa wiki na isizidi wiki 2 mfululizo, na usoni haishauriwi. Sasa mtu anaipaka asubuhi na jioni mwaka mzima kama mafuta ya nazi!

Mdogo wako asirudie kopo, lakini asikae nyumbani akivumilia. Aende na kopo lake hospitali wampangie namna ya kuliacha, maana ukiacha ghafla baada ya muda mrefu mateso yanaweza kuwa makubwa.

MwanaChumbageni
Asante sana mkuu. Kopo tunalo, tutalibeba.

Yakhe_wa_Sahare
Kwani huyo dokta si aripotiwe TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa? Wamfungie ukurasa.

Mfamasia_Muheza
TFDA haipo tena ndugu. Tangu 2019 inaitwa TMDA, inashughulika na dawa na vifaa tiba. Vyakula na vipodozi vilihamia TBS, Shirika la Viwango, mwaka huohuo.

Yakhe_wa_Sahare
Sawa, basi TBS.

Kijana_wa_Duga
Hapo mnachanganya. Kama ndani ya kopo mna steroidi, hiyo si kipodozi tena, ni dawa. Kwa hiyo TMDA.

Mfamasia_Muheza
Muuzaji anaiita kipodozi. Zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) na steroidi ni marufuku kwenye vipodozi, kwa hiyo TBS wana haki nayo. Na kwa kuwa ni dawa inayouzwa na asiye na kibali, TMDA nao wana haki nayo.

Kijana_wa_Duga
Na huyo muuzaji analijua hilo vizuri. Mafahali wawili wakitazamana yeye anapita katikati na kopo lake.

Nesi_Mstaafu
Shikamoo @MzeeWaPwani. Naheshimu liwa, nimepakwa liwa mie mwenyewe na mabinti zangu nimewapaka. Ila kauli ya kwamba vya asili havina madhara hapana, baba, watoto watadhurika.

Nikiwa kazini aliletwa biharusi mtarajiwa kutoka upande wa Pangani. Kwenye simu wamemwambia ndimu inatakatisha. Kajipaka maji ya ndimu shingoni, kifuani na mikononi, kisha akatoka kwenda shambani kwao, jua la saa sita. Kesho yake malengelenge. Yalipokauka yakaacha michirizi myeusi, na michirizi ile ilifuata kabisa njia ya maji ya ndimu yalivyotiririka, mpaka alama za vidole vilivyopakia zilionekana shingoni. Ndimu ina kemikali inayoamshwa na miale ya jua, ikiunguza imeunguza. Weusi ule ulichukua miezi kutoka. Ndoa ilifungwa, ila alifunikwa mikono mpaka viganja.

MzeeWaPwani
Marahaba mwanangu. Nimekusoma, lakini mie sikusema ndimu, nimesema liwa. Ndimu sisi tunatia kwenye samaki.

BintiMakorora
Hahaha mzee kajitetea vizuri. Ila liwa ya siku hizi, babu, nyingi inakuja imeshasagwa kwenye vikopo. Unajuaje ndani mmetiwa nini?

MzeeWaPwani
Ndiyo maana nikataja msio. Nunua gogo lake usugue mwenyewe.

Mwalimu_Pongwe
Mmesahau picha. Hizi za "kabla" na "baada" zinafundisha watu uongo. Ya kabla imepigwa chumbani kwenye giza, uso mkavu, msichana kanuna. Ya baada yuko dirishani, kapaka mafuta, anacheka, na filta juu. Halafu chunusi zina kawaida ya kupanda na kushuka zenyewe. Mtu anatafuta dawa siku zilipofika kileleni, zikishuka anayesifiwa ni yule aliyeuza kopo wiki hiyo. Nawafundisha kidato cha pili, nikiwauliza mmejuaje kama hii inafanya kazi, jibu ni moja: "Mwalimu, maoni kwenye ukurasa wote wanasifia". Wanaolalamika wanafutwa na kufungiwa, wanafunzi wangu hilo hawalioni.

Tabibu_Korogwe
Naomba niwatetee madaktari kidogo, na niwalaumu pia. Si kila mwenye koti TikTok ni tapeli. Wapo madaktari halisi wa Kitanzania wanaoelimisha vizuri na hawauzi kitu. Tatizo ukurasa wao unakwenda polepole, maana ukweli wa ngozi hauna msisimko: nawa uso kwa sabuni laini, usitumbue, subiri wiki 8 mpaka 12 ndipo uone dawa ya chunusi imefanya nini. Nani atakusambazia hiyo? Mwenzako anaahidi siku saba.

Lawama yetu ni hii. Vitabu vingi tulivyosomea vimejaa picha za ngozi nyeupe. Vimeandika "wekundu", wakati kwenye ngozi yetu uvimbe unaonekana wa zambarau, wa kijivu au weusi uliozidi tu. Dada wa Ngamiani akitafuta ugonjwa wake intaneti anaona uso wa Mzungu, haufanani naye. Akija mtu mwenye ngozi kama yake akasema "hiki ni kitu fulani", amemshika. Kwa hiyo @BintiMakorora, siyo kujibu tu. Ni kuonekana.

Na siyo kweli kwamba nchi haina wataalamu wa ngozi. Kituo cha kufundisha tiba ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi kipo tangu 1992, kinapokea wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika. Ni wachache ukilinganisha na wagonjwa, hilo nakubali. Hapa Tanga anzia kituo chako, wakupe rufaa hospitali ya mkoa Bombo ikibidi.

BintiMakorora
Nimekuelewa. Lakini kuonekana na kujibiwa ni ndugu.

MamaVipodozi
Mie nauza vipodozi, tena na mtandaoni nauza, na najisikia kusemwa humu. Sikorogi, siuzi kopo lisilo na maandishi. Niwaambie ninayoyaona kaunta. Mteja anaingia, namwonyesha losheni ya kinga ya jua, sabuni ya kawaida, mafuta ya mgando. Anauliza, "Hii inang'arisha?" Nikisema hapana anaondoka. Anavuka barabara, anarudi na mkorogo kwenye nailoni nyeusi kaufunga mafundo mawili. Tatizo halikuanzia kwenye simu. Mkorogo tumeukuta, simu imeuongezea miguu tu. Na wanaume mliomo humu mnaolaumu, mkienda kuposa mnauliza nini? "Mweupe?"

Yakhe_wa_Sahare
Mie sijauliza hilo na mke wangu ni mweusi wa Kidigo, kapendeza.

MamaVipodozi
Mpe hongera zake. Shangazi zako waliuliza kwa niaba yako.

Kijana_wa_Duga
Nakubaliana na dada kwa nusu. Mdogo wake MwanaChumbageni hakutaka weupe, alitaka chunusi zitoke. Na wengi wako hivyo: madoa, sugu, mba, fangasi. Wanaingia kutafuta tiba, wanatoka wamechubuka bila kukusudia. Ukisema yote ni tamaa ya weupe unawaonea.

MamaVipodozi
Kwenye kaunta yangu wanaotaka weupe ndio wengi. Wewe unakaa kaunta gani?

Mvuvi_Tongoni
Wakuu mie si msemaji, ila hili la "dokta kwa picha" limenigusa. Kaka yangu, mvuvi mwenzangu, alitokwa na mabaka yaliyopauka mgongoni na kwenye mkono. Mtoto wake akapiga picha akatuma kwenye ukurasa mmoja. Jibu: utango, yaani fangasi wa ngozi, nunua mafuta haya. Akapaka, akapaka, mwaka ukakatika. Siku moja kaegemea sufuria la pweza lililotoka motoni, mkono unaungua yeye anaongea na watu, hana habari. Mkewe ndiye aliyepiga kelele. Kupelekwa hospitali wakamgusa baka na pamba, amefumba macho, hajui kama ameguswa. Ukoma.

Dawa zilikuwa bure, kazimaliza, anaendelea na bahari. Ila vidole viwili havinyooki tena. Wakati ule wote wa kupaka mafuta, mshipa ulikuwa unakufa pole pole.

Tabibu_Korogwe
Pole kwa kaka yako. Wana jukwaa tafadhali likamateni hili: baka lililopauka au jekundu lisilosikia mguso, joto wala maumivu linahitaji mtu wa kuligusa. Picha haigusi. Ukoma unatibika kwa vidonge mchanganyiko, miezi 6 au 12 kutegemea aina, na havilipiwi. Ganzi iliyokwisha kuingia ndiyo isiyorudi kirahisi.

Nesi_Mstaafu
Allah amjaalie. Na watu wasimtenge, akishaanza dawa haambukizi.

Mvuvi_Tongoni
Hakutengwa mama, asante. Tunakula sinia moja.

Mwalimu_Pongwe
Turudi kwenye swali la pili la mleta uzi, halijajibiwa. Nashauri hivi: mwombe dokta wako majina yake kamili na namba ya usajili. Daktari Tanzania Bara anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na jina linaweza kuulizwa huko. Akikujibu kwa matusi au akakufungia, umepata jibu. Na neno "Dokta" kwenye jina la ukurasa halikaguliwi na mtu, hata paka wangu naweza kumfungulia.

Kijana_wa_Duga
Mwalimu, haitoshi. Wapo waliosajiliwa kihalali ambao nao wanauza makopo yao. Na daktari wa meno amesajiliwa, lakini umpe chunusi zako? Mie natazama kitu kimoja: anayeniambia naumwa nini, ndiye huyohuyo anayeniuzia dawa? Kama ndiye, sitaki.

MamaVipodozi
Mbona hospitali binafsi wanakuambia unaumwa nini na duka lao la dawa lipo hapohapo dirishani?

Kijana_wa_Duga
Hapo umenikamata. Lakini dawa ile ina jina, naweza kuinunua kwingine. Kopo la waridi linapatikana kwake tu.

Mfamasia_Muheza
Niongeze dalili za kopo lenyewe, maana mtu unaweza kushindwa kumjua ukalijua kopo. Ukiona kwenye viambato neno linaloanza na "mercur" au neno "calomel", hiyo ni zebaki, iache. Ukiambiwa vua pete na mkufu kabla ya kupaka, au krimu isiguse dhahabu na fedha, shuku zebaki hata kama haikuandikwa, kwa sababu inashambulia madini hayo. Zebaki inapita kwenye ngozi na kuumiza figo. Mama anayejipaka anamshika mtoto, analalia shuka moja naye, na mtoto anaipata. Mkataba wa Minamata wa 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walipata ulemavu kwa kula samaki wenye zebaki, uliweka vipodozi vya namna hii kwenye orodha ya vitu vya kuondolewa sokoni.

Haidrokwinoni nayo ikitumika muda mrefu inaweza kukugeuka: badala ya kutakata unapata madoa ya bluu nyeusi mashavuni, karibu na mifupa ya macho, na yale kuyatoa ni kazi kubwa. Afrika Kusini waliipiga marufuku kwenye vipodozi tangu 1990 baada ya kuona nyuso za wanawake wao zimeharibika.

BintiMakorora
Hilo la pete nimeshtuka. Kuna dada saluni alituambia hivyo, tukaona ndiyo dalili ya krimu ya bei mbaya.

Dada_wa_Majani_Mapana
Habarini. Naomba kuuliza kuhusu kinga ya jua. Wengine mtandaoni wanasema mweusi haihitaji, wengine wanasema usipopaka hata ndani ya nyumba umekwisha. Mwanangu ana ualbino, nataka neno la uhakika.

Tabibu_Korogwe
Kwa mwanao si suala la urembo dada, ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi. Kofia pana, mikono mirefu, kivuli saa za jua kali, na losheni kila siku, irudiwe kila baada ya saa mbili akiwa nje. Losheni ya namba 30 (SPF) huzuia karibu asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, namba 50 karibu 98, kwa hiyo usiuze kuku kwa ajili ya tofauti hiyo. KCMC wana kitengo kinachotengeneza losheni maalumu kwa watu wenye ualbino, ulizia hospitali namna ya kuipata.

Kwa sisi wengine hitaji ni dogo zaidi, isipokuwa mwenye madoa ya uso yanayokolea juani. Huyo apake.

Nesi_Mstaafu
Hapo kwa "sisi wengine" sikubaliani nawe sana, mwanangu. Nimewaona wavuvi na wauza mbogamboga wa Mgandini nyuso zimebabuka kwa jua.

Tabibu_Korogwe
Kubabuka sikatai mama. Nilikuwa naongelea saratani.

MwanaChumbageni
Mrejesho mfupi. Tumempeleka binti. Amesikilizwa vizuri, kopo limetazamwa, amepewa dawa na tarehe ya kurudi. Uso bado unawaka ila analala. Yule dokta wa Instagram kaulizwa namba ya usajili kama alivyoshauri Mwalimu: katufungia.

Mwalimu_Pongwe
Mmepiga picha za ukurasa na risiti za malipo kabla hajafuta?

MwanaChumbageni
Zote zipo, na mazungumzo ya WhatsApp. Nimeshindwa tu kuamua niende TBS au TMDA.

Kijana_wa_Duga
TMDA.

Mfamasia_Muheza
Nenda kote.

MamaWaPacha
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Wanangu wana miezi saba, vipele katikati ya vidole, viganjani na nyayoni, usiku hawalali. TikTok wanasema chemsha mwarobaini uwaogeshe. Niweke picha hapa?

Nesi_Mstaafu
Usiweke picha za watoto mitandaoni, mama. Nyumbani kuna mwingine anayejikuna, hasa usiku?

MamaWaPacha
Baba yao, na dada anayenisaidia kazi.

Nesi_Mstaafu
Basi inaelekea ni upele, ule ugonjwa wa kuambukizana (skebisi), ila lazima waonwe. Kesho asubuhi beba wote wawili uende kliniki, na uwaambie kwamba wakubwa nao wanajikuna. Ikithibitika, nyumba nzima inapakwa dawa siku moja, hata asiyewashwa, la sivyo mtarudishiana. Nguo na mashuka mfue, myaanike kwenye jua kali na kuyapiga pasi. Visivyofulika vifungieni kwenye nailoni siku tatu au zaidi. Dawa ya watoto wa umri huo na namna ya kuwapaka utaelekezwa hukohuko, usiwapake ya baba yao.

MamaWaPacha
Asante mama. Kliniki yetu wanafungua saa ngapi Jumamosi?

Nesi_Mstaafu
Uko mtaa gani?

MamaWaPacha
Kwaminchi.

BintiMakorora
Niandikie inboksi dada, mie jirani yako, tutakwenda pamoja. Mmoja nitambeba.